Ufaafu wa filamu ya Shrek kwa watoto

Shrek ni filamu ya katuni ya vichekesho iliyotengenezwa nchini Marekani na studio ya DreamWorks na kutolewa mwezi Mei 2001. Iliongozwa na Andrew Adamson na Vicky Jenson. Msingi wake ni kitabu cha picha cha watoto cha mwandishi na mchoraji William Steig, kilichotolewa mwaka 1990. Mwaka 2002 ilikuwa filamu ya kwanza kupewa tuzo ya Oscar ya filamu ndefu bora ya katuni, kwa sababu kundi hilo la tuzo lilikuwa limeanzishwa wakati huo.

Kwa kuwa ni katuni, na wahusika wake wengi wametoka katika ngano, watu wengi huichukulia moja kwa moja kuwa filamu ya watoto. Hata hivyo ilitungwa iwachekeshe watoto na watu wazima kwa pamoja, na baadhi ya mambo yaliyomo yanahitaji kupimwa kabla ya kuwaonyesha watoto wadogo. Makala hii inaeleza mambo hayo na jinsi ya kuyapima. Njia hiyohiyo inaweza kutumika kwa filamu nyingine za aina hii.

Hadithi kwa ufupi

Shrek ni zimwi la kijani linaloishi peke yake katika kinamasi. Siku moja makazi yake yanavamiwa na viumbe wa ngano waliofukuzwa na mtawala mmoja, Lord Farquaad. Shrek anakwenda kudai kinamasi chake. Farquaad anakubali kukirudisha kwa sharti kwamba Shrek amkomboe binti mfalme Fiona kutoka katika ngome inayolindwa na joka, ili Farquaad amwoe na hivyo awe mfalme. Shrek anasafiri na punda mwenye maneno mengi. Njiani Shrek na Fiona wanapendana, lakini Fiona ana siri: kila jua linapotua anageuka kuwa zimwi. Mwishoni laana inaondoka, na umbo linalobaki ni la zimwi, si la binti mrembo.

Sauti za wahusika wakuu katika toleo la Kiingereza ni za Mike Myers (Shrek), Eddie Murphy (Punda), Cameron Diaz (Fiona) na John Lithgow (Farquaad).

Madaraja rasmi

Nchini Marekani filamu hupewa madaraja kwa mfumo ulioanzishwa mwaka 1968 na chama cha watengenezaji filamu. Katika mfumo huo Shrek ilipewa daraja la PG, yaani wazazi watoe mwongozo, kwa sababu ya maneno machafu kidogo na mizaha isiyo na adabu. Nchini Uingereza, bodi ya uainishaji wa filamu (BBFC), iliyoanzishwa mwaka 1912, iliipa daraja la U, yaani inafaa kwa watazamaji wote.

Filamu ni moja, madaraja ni mawili. Hiyo haimaanishi kwamba bodi moja ilikosea. Kila jamii ina mambo inayoyaona mazito zaidi na mengine inayoyaona mepesi. Kwa hiyo daraja lililotolewa katika nchi moja haliwezi kuchukuliwa kama hukumu ya mwisho katika nchi nyingine. Nchini Kenya kazi ya kuainisha filamu hufanywa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB), na nchini Tanzania na Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976.

Daraja lina mipaka mingine pia. Linaonyesha kama filamu ina kitu kinachoweza kumdhuru au kumtisha mtoto. Halionyeshi kama mtoto ataielewa, wala kama itamfundisha jambo jema. Maswali hayo mawili yanabaki kwa mzazi au mwalimu.

Vitisho

Joka la filamu hii linatema moto, linafukuza wahusika ndani ya ngome yenye mifupa ya mashujaa waliokufa, na chini ya daraja lake kuna ziwa la moto. Mandhari haya ndiyo yanayoweza kumtisha zaidi mtoto wa chini ya miaka sita.

Mtafiti wa Marekani Joanne Cantor, aliyechunguza kwa miaka mingi hofu inayoletwa na filamu na televisheni, alionyesha kuwa watoto wadogo huogopa zaidi sura na umbo la kitu, hata kama kitu hicho hakina madhara. Watoto wakubwa huogopa zaidi jambo linaloweza kutokea kweli. Alionyesha pia kwamba tukio la mtu kugeuka umbo huwatisha sana wale wa umri wa chekechea. Hili linamhusu Fiona. Mtu mzima anajua kwamba ni binti yuleyule katika sura nyingine. Mtoto wa miaka minne huenda akaona kwamba binti ametoweka na zimwi limekuja mahali pake.

Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki zimwi ni kiumbe anayekula watu. Mtoto aliyelelewa kwa ngano hizo anaweza kuanza kutazama akiwa na hofu ambayo watengenezaji wa filamu hawakuitarajia. Wakati huohuo mtoto huyo ndiye anayeweza kufaidi zaidi, maana kichekesho chote kimejengwa juu ya zimwi ambalo watu wanaliogopa bila kulijua. Inatosha kumweleza mapema kwamba zimwi la hadithi hii halili watu, ila linapenda kuwatisha ili waliache peke yake.

Ukatili unaochekesha

Filamu ina matukio kadhaa ya ukatili yanayofanywa kuwa mzaha. Mtu wa biskuti ya tangawizi amefungwa na kuteswa ili ataje walipojificha wenzake. Miguu yake imevunjwa na kusagwa. Ndege anapasuka Fiona anapoimba sauti ya juu mno, kisha Fiona anayapika mayai yake kwa kifungua kinywa. Shrek na Fiona wanapuliza chura na nyoka kama maputo. Farquaad anamezwa na joka siku ya harusi.

Tukio moja hupita bila watazamaji wengi kuligundua. Mwanzoni dubu watatu wa ngano wanaonekana wakiwa wamekamatwa. Baadaye, katika chumba cha kulala cha Farquaad, ngozi ya mama dubu, pamoja na utepe wake kichwani, imetandikwa sakafuni kama zulia. Hakuna mhusika anayelitaja jambo hilo. Mtoto mwenye macho makali anaweza kuliona na kuhuzunika, na mzazi asijue amehuzunishwa na nini.

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba mtoto anajua katuni si kweli. Hoja hiyo ina ukweli kwa watoto wa shule ya msingi, lakini haitoshi kwa wadogo zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1963, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wa chekechea filamu za mtu akimpiga mwanasesere. Katika filamu mojawapo mtendaji alivalia kama paka wa katuni. Watoto waliotazama, hata wale wa filamu ya paka, walikuwa wakali zaidi kwa mwanasesere kuliko wale ambao hawakuonyeshwa chochote. Kumpiga mwanasesere si sawa na kumpiga mtu, lakini utafiti huo unatosha kuonyesha kwamba vazi la katuni peke yake halizuii mtoto kuiga.

Mizaha ya chooni na lugha

Filamu inaanza kwa Shrek kuchana ukurasa wa kitabu cha ngano na kuutumia chooni. Anajamba majini na samaki wanakufa. Anatengeneza mshumaa kwa nta ya masikio yake. Mizaha hii huwafurahisha sana watoto wa miaka sita hadi kumi. Haina madhara makubwa, ila familia zinazosisitiza adabu ya mezani zijiandae kuisikia ikirudiwa nyumbani. Maneno machafu ni machache na ya kiwango cha chini, na mengine ni mchezo wa maneno kuhusu jina la punda.

Mizaha ya watu wazima

Kuna mizaha yenye maana mbili. Kioo cha ajabu kinapomtangaza Snow White kama mchumba, kinaongeza maneno ya utani kuhusu yeye kuishi na wanaume saba. Shrek anapoona urefu wa kasri la Farquaad anatoa dokezo kwamba mwenyewe anafidia upungufu fulani. Mizaha ya aina hii imewekwa ili mtu mzima acheke na mtoto apite bila kuona kitu. Kwa kawaida ndivyo inavyokuwa. Tatizo hutokea mtoto anapouliza mbona mama amecheka. Jibu fupi na la kweli, kwa mfano kwamba ni utani wa watu wazima kuhusu ufupi wa yule bwana, ni bora kuliko kumkaripia.

Ujumbe wa filamu

Ujumbe mkuu ni kwamba mtu asihukumiwe kwa sura. Filamu inaugeuza mwisho wa ngano zilizozoeleka: badala ya kiumbe mwenye sura mbaya kugeuka mzuri, binti mzuri anabaki na umbo la zimwi na anapendwa hivyo. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na filamu inaonyesha thamani ya kumjua mtu kabla ya kumkimbia.

Hata hivyo kuna mgongano ambao wahakiki wameutaja. Filamu inayokataza kumcheka mtu kwa umbo lake inamcheka Farquaad kwa ufupi wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Farquaad ni mtawala dhalimu, na udhalimu wake ungetosha kuchekwa. Mtoto mfupi kuliko wenzake darasani, au mwenye ulemavu wa kimo, anaweza kutoka na ujumbe ulio kinyume cha ule uliokusudiwa. Jambo hili halitajwi katika madaraja rasmi, lakini kwa mwalimu anayeionyesha filamu mbele ya darasa zima ni zito kuliko mizaha ya chooni.

Suala la lugha

Mtoto asiyejua Kiingereza vizuri haoni filamu ileile anayoiona mtoto wa Marekani. Maneno machafu na mizaha ya maana mbili humpita kabisa. Humpita pia mazungumzo ambamo Shrek anaeleza kwa nini amechagua kuishi peke yake, na hayo ndiyo yanayobeba ujumbe. Kinachobaki ni picha: joka, mapigano, mateso ya biskuti na watu kuanguka. Kwa mtoto huyo filamu ina vitisho vilevile lakini mafunzo machache. Mtu mzima anayemsimulia kwa Kiswahili wakati wa kutazama hurudisha sehemu iliyopotea.

Vilevile filamu inadhihaki ngano za Ulaya kama za Snow White, Pinocchio na Robin Hood. Asiyezijua hawezi kuona kinachodhihakiwa. Kumsomea mtoto mbili tatu kati ya hizo kabla ya filamu kunaongeza uelewa wake.

Mwongozo kwa umri

Mapendekezo yafuatayo yanatokana na mambo yaliyoelezwa hapo juu. Si sheria, kwa kuwa watoto wa umri mmoja hutofautiana.

Chini ya miaka 5: haishauriwi. Filamu ina urefu wa takriban dakika 90, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku.

Miaka 5 hadi 7: inafaa ikiwa mtu mzima amekaa pamoja na mtoto, yuko tayari kusimamisha filamu, na mtoto si mwepesi wa kuota ndoto mbaya.

Miaka 8 hadi 12: inafaa kwa wengi. Ni vizuri kuzungumza nao baada ya kutazama.

Maswali yanayosaidia mazungumzo ni kama haya: Kwa nini watu walimwogopa Shrek kabla hajawafanyia lolote? Je, ni haki kumcheka Farquaad kwa ufupi? Ungefurahi zaidi kama Fiona angebaki binti mzuri? Jibu la mtoto kwa swali la mwisho huonyesha upesi kama ujumbe umemfikia.

Filamu nyingine za mfululizo

Shrek 2 (2004), Shrek the Third (2007) na Shrek Forever After (2010) zilifuata, pamoja na filamu za paka Puss in Boots. Kila moja ipimwe peke yake. Kwa mfano Puss in Boots: The Last Wish (2022) ina mbwa mwitu ambaye ni Kifo chenyewe akimfuata paka, na mtoto aliyecheka kwa raha akitazama Shrek anaweza kumwogopa sana. Jina linalofahamika kwenye jalada halimhakikishii mzazi kwamba yaliyomo ndani ni yaleyale.