Unauza Sofa Mtandaoni? Mwogope Mnunuzi Anayezidisha Hela

Jamani, kuhama ni kazi! Mume wangu alipohamishiwa Dodoma, tulikaa sebuleni na daftari tukapanga kipi tunaondoka nacho na kipi kinabaki Dar. Seti ya sofa, ile tuliyonunua mwaka wa kwanza wa ndoa, ilikuwa kubwa mno kwa nyumba tuliyopata. Nikaipiga picha, nikaiweka kwenye tovuti ya matangazo kwa shilingi 1,200,000, na barua pepe yangu chini.

Kesho yake nikiwa ofisini, barua ikaingia. Mtu anauliza kama "bidhaa" bado ipo. Hakutaja sofa, hakuuliza rangi, hakuomba hata punguzo. Shosti, umeona wapi mtu ananunua sofa hapa mjini bila kuomba apunguziwe? Lakini siku ile sikuyaona hayo. Niliona milioni moja na laki mbili tu.

Akasema yuko kazini nje ya nchi, anamnunulia mama yake, atamtuma msafirishaji aje kuichukua. Jioni ikaja barua nyingine yenye nembo ya kampuni ya malipo: umelipwa 1,650,000. Ile 450,000 iliyozidi ni ya msafirishaji, nimtumie kwa simu, na nikishatuma ndipo fedha zangu zitafunguliwa. Mnunuzi naye hakunipa pumzi: dada, gari liko njiani, fanya haraka.

Nikatuma. Tena kutoka kwenye hela tuliyotunza kwa ajili ya kodi ya nyumba ya Dodoma. Gari halikuja, na barua zangu hazikujibiwa tena.

Siku tisa za kimya

Mume wangu alipouliza kuhusu sofa, nilimjibu kwamba mteja anajivuta. Nikawa nalala na simu chini ya mto. Usiku naamka, najifungia bafuni, nasoma tena zile barua nikitafuta pale nilipoteleza. Yeye aliyaona yote hayo, akajumlisha, akapata jibu lake: mke wangu ana bwana mwingine.

Siku ya tisa akaniuliza kwa sauti ya chini, ile inayotisha kuliko ya juu: "Mke wangu, ni nani huyo?" Nikampa simu. Akasoma barua moja baada ya nyingine, kisha akakaa kimya. Nilitegemea kelele. Akasema: "Unakumbuka mwaka jana nilikwambia mshahara umechelewa? Nilipata ujumbe, 'ile hela tuma kwenye namba hii'. Nikadhani ni mwenye nyumba. Nikatuma."

Kumbe sote tuliingizwa mjini, kila mtu kwa siku yake, kila mtu na siri yake!

Mchezo unavyochezwa

Msomaji wangu, mchezo huu wa kuzidisha malipo ni wa zamani. Marekani na Uingereza ulichezwa sana kwa hundi feki. Mnunuzi anatuma hundi ya kiasi kikubwa kuliko bei, benki inakuwekea fedha baada ya siku chache, wewe unamrudishia chenji. Wiki kadhaa baadaye hundi inagundulika ni ya bandia, na benki inakudai wewe.

Kwetu hundi hazina nafasi kubwa, kwa hiyo tapeli anatumia barua ya malipo ya kubuni, au ujumbe wa simu unaofanana na ule wa kupokea fedha. Vyovyote iwavyo, lengo ni moja: uamini umelipwa, kisha utoe hela yako halali kabla hujagundua kwamba yake haipo.

Kabla hujamkabidhi mtu kitu

• Angalia salio mwenyewe. Usibonyeze kiungo kilicho ndani ya barua. Ingia kwenye akaunti yako kwa njia yako ya kila siku. Kama fedha hazionekani kwenye salio, hujalipwa, hata barua iwe na nembo tatu.

• Amezidisha? Simamisha biashara hapo hapo. Kampuni halali ya malipo haikwambii umtumie mtu mwingine hela ndipo ikupe yako. Anayetaka gari alilipie mwenyewe.

• Soma anwani yote ya mtumaji. Jina linaweza kuwa la benki, lakini ukiangalia kinachofuata baada ya alama ya @ unakuta anwani ya bure kama yako na yangu.

• Namba ya siri ni yako. Kupokea fedha kunahitaji namba yako ya simu au ya akaunti, basi. Anayetaka namba ya siri, au ile ya kuthibitisha iliyotumwa kwenye simu yako, anataka kuingia ndani.

• Mwalike aje aone. Mnunuzi wa kweli atakuja, au atamleta ndugu, atakaa kwenye hilo sofa na kulalamikia bei. Kutana naye mchana, na usiwe peke yako.

• Usibishane na tapeli. Kumtukana au kumchezea kunamhakikishia tu kwamba anwani yako ina mtu. Mfungie njia, endelea na shughuli zako.

Ukishalizwa

Usikae siku tisa kama mimi. Piga simu kwa mtandao wako au benki dakika ile ile, kwa sababu hela ambayo haijatolewa bado inaweza kuzuiwa. Usifute chochote: barua, namba, na ujumbe wa muamala ndio ushahidi wako polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na namba za matapeli zinaripotiwa kupitia 15040. Kenya, wateja wa Safaricom hupeleka ujumbe wa kitapeli kwa 333. Na akija mtu kukuambia anaweza kukurudishia hela yako kwa ada kidogo, huyo ni tapeli wa pili.

Zaidi ya yote, mwambie mwenzako. Haraka ile aliyonitia mnunuzi ilikuwa na kazi yake: nisipate muda wa kumuuliza mtu aliye pembeni yangu. Siku hizi nyumbani kwetu kuna sheria moja. Hela haitoki kwa mtu tusiyemfahamu mpaka sote wawili tusome ujumbe.

Sofa? Aliichukua dada mmoja wa mtaa wa pili. Alikuja mara mbili, akabonyeza kila mto, akatupunguza hadi 950,000. Tuliangalia salio wote wawili, kisha mume wangu akamsaidia kupakia.