Sajili baiskeli kiraka, achana na mbwembwe

USAJILI wa kukurupuka umeziponza timu nyingi. Straika anakuja na video kali za mtandaoni, mashabiki wanajaa uwanja wa ndege kumpokea, mechi ya tatu yuko jukwaani anauguza goti. Kwenye baiskeli mambo ni yaleyale. Rangi inawaka, shokapu mbele na nyuma, jamaa anatoa pesa yake yote, wiki ya pili chuma kipo kwa fundi.

Shabiki anayetoka Gongo la Mboto kwenda kibaruani Kariakoo kila siku, halafu Jumapili asubuhi anataka kukata njia za msituni kule Pugu kabla ya mechi za jioni, hahitaji staa. Anahitaji kiraka. Erasto Nyoni alijijengea jina Azam, Simba na Taifa Stars kwa kucheza pembeni, beki ya kati na hata kiungo. Baiskeli nayo iwe hivyo, lami icheze, vumbi icheze.

Kwa mfuko mdogo, kiraka huyo ni baiskeli ya gia yenye shokapu ya mbele tu. Shokapu ya nyuma ya bei chee inaongeza uzito na inakula nguvu za miguu. Unakanyaga pedali, baiskeli inadunda badala ya kwenda.

Tairi ziwe na upana wa karibu inchi mbili, katikati laini kidogo, pembeni zina meno. Nyembamba zitazama kwenye mchanga, zenye meno makubwa zitakuchosha kwenye lami. Angalia pia saizi ya rimu, kwani tairi ya 26 haiingii kwenye rimu ya 29. Chagua saizi ambayo vipuri vyake viko mpaka kwa fundi wa mtaani kwako.

Kama ni ya mtumba, ipime afya kabla hujalipa. Iinue, zungusha tairi uone kama rimu inayumba. Kagua maungio ya fremu, hasa pale shingoni chini ya usukani. Ukiona ufa, ondoka, hata kama muuzaji anashusha bei. Tikisa mikono ya pedali; ikicheza kushoto na kulia, beringi zimekwisha au zimelegea. Kisha iendeshe, badilisha gia zote na ujaribu breki moja moja.

Saizi nayo muhimu. Simama ukiwa umeipitisha katikati ya miguu, bomba la juu lisikuguse. Kiti kipandishe mpaka ukiweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini sana goti linaumia, na wanaocheza ndondo wanajua goti likigoma msimu umekwisha.

Mwisho, usimalize bajeti kwenye ada ya usajili. Kama una Sh250,000, tafuta ya chini ya hapo, chenji ibaki kwa helmeti, taa, kufuli na mipira mipya ya breki.

Straika mbovu anapoteza pointi tatu, wiki ijayo kuna mechi nyingine. Breki zikigoma Barabara ya Nyerere, mbele yako kuna lori, hakuna mechi ya marudiano.