Vitabu Elfu Kumi Katika Kadi Moja

Kadi ya kumbukumbu, ile ambayo wenye maduka huiita "memori kadi", haizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hata hivyo kadi ya gigabaiti 32 yaweza kubeba vitabu 30,000 vya maandishi matupu, ikikadiriwa kwamba kila kitabu kina megabaiti moja. Kwa shule iliyo katika kata ya Kasingirima, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ambako reli kutoka Dar es Salaam huishia baada ya kilomita zaidi ya 1,200, jambo hilo si dogo. Mwalimu aliyepata kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki hutamani kukijaza vitabu vyote kwa mara moja. Hapo ndipo taabu huanza. Kifaa huzubaa, orodha ya vitabu hukawia kufunguka, na betri iliyozoea kukaa wiki kadhaa huisha kwa siku moja au mbili. Kadi hulaumiwa kuwa mbovu, au kifaa hufungiwa kabatini. Mara nyingi vyote viwili ni vizima.

Watu wa Kigoma wanao mfano mzuri wa jambo hili katika meli yao ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Tumfikirie fundi anayehitaji bolti moja. Nafasi ya kuwekea masanduku anayo; asilolijua ni bolti imo katika sanduku lipi. Asipokuwa na orodha, hana budi kuyafungua moja baada ya jingine.

Kadi za gigabaiti 32 kwa kawaida hupangwa kwa utaratibu uitwao FAT32. Katika utaratibu huo folda ni orodha ya majina isiyofuata alfabeti, na programu inayotafuta faili huanza juu ikishuka jina kwa jina. Kila nafasi katika orodha ina baiti 32, na jina refu hugawanywa katika nafasi kadhaa za herufi 13 kila moja, pamoja na nafasi moja ya jina fupi. Kwa hiyo kitabu chenye jina la herufi 40 hula nafasi tano. Folda moja haiwezi kuwa na nafasi zaidi ya 65,536; yaani vitabu vya namna hiyo vipatavyo 13,000 vitaijaza, hata kama kadi yenyewe ingali na nafasi tele.

Wanafunzi wa hisabati waangalie jambo moja zaidi. Ikiwa programu itatafuta kila kitabu kwa jina kuanzia juu ya orodha, vitabu 10,000 vilivyo katika folda moja vitahitaji ulinganishaji 1 + 2 + 3 hadi 10,000, yaani 50,005,000. Vikigawanywa katika folda kumi za vitabu 1,000, jumla ni 5,005,000 tu. Kazi imepungua mara kumi bila kununua chochote.

Lakini kupata jina ni mwanzo tu. Kifaa hufungua kila kitabu kipya ili kisome jina la mwandishi na kichwa cha kitabu, na vifaa vingine huorodhesha hata maneno yaliyomo ndani, ili msomaji aweze kuyatafuta baadaye. Hii ndiyo faharasa. Kioo cha wino wa kielektroniki hutumia umeme ukurasa unapobadilika tu. Lakini wakati faharasa inatengenezwa kichakataji hakilali, na betri huisha pasipo mtu kusoma hata sura moja. Dawa yake ni kuingiza vitabu mia moja mia moja, kifaa kikiwa kimeunganishwa na umeme, na kukiacha kimalize. Afanyaye hivyo siku ya kuamkia mtihani atakuwa amechelewa. Vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa ni habari nyingine: uzito wake hukilemea kichakataji, na hakuna kadi itakayouondoa.

Je, kadi yenye kasi zaidi itasaidia? Namba 10 ndani ya herufi C huahidi megabaiti 10 kwa sekunde, lakini za kuandika mfululizo, kama mtu anayejaza ghala. Faharasa huhitaji kuokota vipande vidogo huku na huku. Alama inayohusika ni A1, iliyoanzishwa mwaka 2016: usomaji 1,500 na uandishi 500 wa namna hiyo kwa sekunde. Ni ajabu kwamba alama yenye manufaa zaidi kwa msomaji ndiyo wauzaji wasiyoitaja.

Hatari iliyo kubwa kuliko uzito ni kadi za bandia. Kadi huandikwa gigabaiti 128, na kompyuta hudanganywa iamini hivyo, ilhali ndani mna 8. Vitabu vya kwanza husomeka vizuri. Vinavyofuata hupotea kimya, au hufuta vile vilivyotangulia. Kuijaribu kadi, ijazwe yote kwa namba zinazojulikana, kisha namba hizo zisomwe upya na kulinganishwa. Zipo programu za bure zifanyazo kazi hiyo. Jaribio laweza kuchukua saa kadhaa, na lifanywe kabla kitabu cha kwanza hakijaingizwa, risiti ikiwa bado mkononi.