Kombolela na Kapi

Njooni, wanangu, sogeeni mkekani. Swali lililozaa hadithi hii aliniuliza mpwa wangu mmoja, mwenye pengo la meno mawili ya mbele. Nataka na ninyi mlisikie.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Tanga kutoka Uingereza. Jioni ile nikawaonyesha wapwa zangu picha. Mjomba mtu amepiga magoti kwenye majani, amepakata samaki mnene, rangi yake kama sufuria ya shaba.

"Alikuwa mtamu?" akauliza mwenye pengo.

"Sikumla. Nilimrudisha ziwani."

Mkeka mzima ukanyamaza. Hata mama yangu, bibi yao, aliacha kukuna nazi.

"Ulimvua," akasema yule mtoto, polepole, "halafu ukamrudisha?"

Swali zuri hilo. Swali zuri sana. Mtoto anayeuliza hivyo nampenda, kwa sababu mimi mwenyewe niliuliza vilevile siku ya kwanza, na mimi nilikuwa mtu mzima na ndevu zangu.

Basi tuanze na samaki. Anaitwa kapi. Si kapi ile ya kuvutia ndoo kisimani, ingawa huyu naye kuvuta anajua. Ni samaki wa maji baridi, wa maziwa na mito ya taratibu. Asili yake ni Asia na upande wa mto Danube kule Ulaya, ila watu wamembeba kila mahali. Hata Kenya yupo. Ziwa Naivasha alionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na miaka kumi haikupita sana kabla hajajaa kwenye nyavu kuliko samaki wengine wote. Naivasha akivuliwa anakwenda sufuriani. Poland naye huliwa mkesha wa Krismasi, na zamani familia nyingi zilimweka hai kwenye bafu siku chache kabla.

"Na wao wanaoga wapi?"

Hilo sikuuliza. Tuendelee.

Sasa turudi kwenye picha. Siku ile, kule Uingereza, tulikuwa watu kumi na wawili ukingoni mwa ziwa. Mashindano ya kirafiki, hakuna kombe, hakuna fedha. Kila mmoja anakaa kwenye kigingi chenye namba, na namba haichaguliwi. Unatia mkono kwenye kofia, unatoa karatasi. Mimi nikatoa saba.

"Kwa nini msikae mnapopenda?"

Haya, fikirini sinia la pilau. Mnakula watu sita. Nyama imekaa pande zote?

"Hapana! Imekaa upande wa baba!"

Ziwa nalo ni sinia. Upande mmoja kuna mayungiyungi, kapi wanapenda kujificha chini yake. Upande mwingine upepo unasukuma maji ya juu yaliyopashwa na jua, nao wanaufuata. Upande wa tatu hakuna kitu, ni wali mtupu. Ndiyo maana kunapigwa kura. Kigingi cha saba, nawaambieni ukweli, kilikuwa wali mtupu.

Filimbi ikalia saa tatu asubuhi. Mwisho saa nane mchana.

Jirani yangu wa kigingi cha nane alikuwa mzee mmoja mkimya. Akafungua mfuko wake, akatoa manati.

"Manati! Ya kupigia ndege?"

Manati, lakini ya kurushia chakula. Alitia punje za mahindi ya kopo, akavuta, akaachia. Punje zikanyesha majini, tsa-tsa-tsa, mahali palepale. Akangoja. Akarusha tena, kidogo tu, palepale. Mimi nikataka kufanya kama yeye. Nikafungua kopo langu kwa haraka, likaniponyoka, likagonga jiwe: pwaa!

Sasa mwacheni kapi aseme mwenyewe.

"Mimi ni kapi. Masikio yangu huyaoni, lakini ninayo. Tumboni nina mfuko wa hewa, na sauti ikigonga maji mfuko ule unatetemeka kama ngozi ya ngoma. Vifupa vidogo vinaupeleka mtetemo mpaka kichwani. Kopo lako, bwana, lilikuwa ngoma ya harusi. Nikasema nitakula kwa jirani. Nina ndevu nne mdomoni, mbili kila upande, naonja nazo matope kabla sijayatia kinywani. Meno mdomoni sina. Yako kooni, na ni ya kusagia."

Mwenye pengo akaweka ulimi penye pengo lake, akaridhika.

Ni kweli, kapi alikwenda kwa jirani. Nilijua kwa mapovu. Kapi akichimba matope kutafuta chakula, hewa iliyofichwa chini inapanda juu, vipovu vidogo vidogo, kama sufuria ya maharage inayokaribia kuchemka. Sufuria ya mzee ilikuwa inachemka. Yangu hata moto haijawashiwa.

Hapa, wanangu, nisimame niwaonyeshe kitu kidogo. Leteni macho.

Ndoana hii ni ndogo kama kucha ya paka. Wavuvi wetu hutia chambo kwenye ndoana yenyewe. Kule sivyo. Ndoana inaachwa wazi, na chambo kinaning'inia nyuma yake kwa uzi mwembamba sana, unaoitwa unywele. Chambo chenyewe ni kitonge cha unga na mayai, kimechemshwa mpaka kikawa kigumu, kama kaimati ya kulisha mwanasesere. Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, ndio waliobuni ujanja huu.

"Kwa nini unywele?"

Mtoto anayefichiwa dawa kwenye uji hufanya nini?

Wote wakacheka, wakamtazama mmoja wao. Anaonja, anaijua, anaitema!

Kapi ni mtoto huyo. Hamezi kwa pupa. Anafyonza kitu, anakipima mdomoni, kikimtia shaka anakitema. Chambo kikiwa kwenye ndoana, kinakuwa kigumu na kizito isivyo kawaida, naye anajua. Kikining'inia kwenye unywele, kinaingia chepesi kama chakula kingine chochote, na ndoana inakifuata nyuma. Anapojaribu kutema, ndoana inamshika mdomo. Na kapi aliyeshikwa mara moja hujifunza. Kesho atakuwa mgumu zaidi.

"Kwani akirudishwa anaishi?"

Anaishi, na anaishi miaka mingi. Mwaka 1952, tarehe 13 Septemba, mtu mmoja aitwaye Richard Walker alivua kapi kwenye bwawa la Redmire, huko Herefordshire, kwa chambo cha mkate. Fimbo aliitengeneza mwenyewe. Wavuvi wa Uingereza hupima kwa ratili na wakia mpaka leo, na samaki yule alikuwa ratili 44. Fikirini mfuko wa mchele wa kilo ishirini, mfuko wenye mapezi! Walker hakumkata vipande. Alipiga simu bustani ya wanyama ya London, wakaja kumchukua. Wakampa jina Clarissa. Alikaa humo, watu wakimtazama kwenye kioo, mpaka mwaka 1971.

"Samaki alihamia mjini!"

Alihamia mjini, na nauli hakulipa.

Turudi kigingi cha saba. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Mzee alikwishavua watatu. Mimi nikaacha kuhangaika, kwa uchovu tu, wala si kwa hekima. Nikakaa. Nikanyamaza. Nikaazima manati ya mzee, nikarusha punje chache, palepale. Nikangoja. Nikarusha tena, palepale.

Saa nane kasoro dakika nne, ncha ya fimbo yangu ikainama. Ikainama tena, ikalala kabisa. Uzi ukatoka zzzzz kwenye gurudumu lake.

"Vuta, mjomba!"

Ukivuta kwa nguvu uzi unakatika. Mmeshawahi kumwongoza mbuzi asiyetaka kwenda? Akivuta unamwachia kidogo, akichoka unamrudisha kidogo. Mimi na kapi tulikwenda hivyo. Filimbi ikalia ningali naye majini. Nikadhani nimekosa, lakini mzee akapaza sauti kwa mara ya kwanza siku ile: aliyeshika kabla ya filimbi amehesabiwa! Akaja na wavu wake wa mpini, akamteka kapi kama mtu anayeopoa kaimati kwenye mafuta.

Hapo ndipo mama yangu angeshika kisu. Wao wakaleta godoro dogo, wakalilowesha maji. Nikaambiwa niloweshe na mikono. Samaki ana ute mwilini, ndio koti lake la mvua, na mkono mkavu unalivua koti hilo. Nikaambiwa nipige magoti, nisisimame naye, akiponyoka asianguke kutoka juu. Ndoana haikuwa na kijino kile cha kung'ang'ania nyama, kwa hiyo ilitoka kwa kuigusa tu. Mizani: ratili 11 na wakia 4, kilo tano na ushee. Picha moja. Nikamshusha majini, nikamshikilia kidogo apate pumzi. Akapiga mkia, akanimwagia maji usoni, akaenda.

Nilikuwa wa kumi kati ya watu kumi na wawili. Mzee alishinda, akapewa chupa ya jamu.

"Sasa nimeelewa," mwenye pengo akasema. "Ni kama kombolela. Ukionekana huliwi."

Nikamkumbatia. Miaka yote ile ughaibuni sikupata kuieleza vizuri hivyo. Ndiyo, ni kombolela. Unamtafuta aliyejificha. Yeye ana ujanja wake, wewe una wako. Ukimpata, umempata. Halafu mtu anapiga kopo teke, paa, naye yuko huru.

Mama yangu alikuwa amerudi kwenye mbuzi yake ya nazi. Bila kuinua kichwa akasema, "Kwenye kombolela, mwanangu, kila mtu amekubali kucheza. Huyo kapi alikubali?"

Sikuwa na jibu. Nilisema habari ya godoro, nikasema habari ya ndoana isiyo na kijino. Akatikisa kichwa kwa upole, akaendelea kukuna. Kumla ningemla, alisema, angalau pangekuwa na mchuzi. Na bado naenda ziwani, wanangu, siwafichi. Lakini kila nikilowesha mikono, sauti ya nazi inakunwa masikioni mwangu.

Giza likawa limeingia. Watoto wakatafuta kopo, wakalisimamisha katikati ya ua. Mwenye pengo akaja mbele yangu, amekunja mikono nyuma kama mwalimu.

"Mjomba, unakubali kucheza?"

Nikasema nakubali.

Akanishika mabega, akanigeuza uso ukutani. "Hesabu mpaka hamsini. Na usichungulie."