Aina Zinazofutwa: TypeScript Ndani ya Node.js

Kipimo cha dawa ya mtoto aghalabu hukadiriwa kwa uzito wake, na pindi hesabu hiyo inapokabidhiwa programu iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha aliyoitunga Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku 10 tu, yafaa ijulikane kwamba lugha hiyo, ikitakiwa kujumlisha namba 5 na 10 iliyoingizwa kama maandishi, haitoi 15 wala haitoi onyo, bali huyaunganisha yote mawili ikajibu 510. Kwa sababu ya hatari za namna hii, Microsoft ilidhihirisha mwaka 2012 lugha ya TypeScript, kazi iliyoongozwa na Anders Hejlsberg wa Denmark, ambayo humwezesha mwandishi kubainisha kila thamani ni ya aina gani, ili hitilafu ifichuliwe kabla programu haijaanza kutumika.

Hata hivyo Node.js, aliyoianzisha Ryan Dahl mwaka 2009 ili JavaScript iendeshwe kwenye seva, nje ya kivinjari, haikuzifahamu alama za aina, na kwa miaka mingi ilikuwa sharti faili ligeuzwe kwanza kuwa JavaScript tupu. Tangu toleo la 23.6, la Januari 2025, sharti hilo limeondoka. Njia iliyotumika ni ya kusifika kwa wepesi wake: alama za aina hufutwa na mahali pake pakaachwa nafasi tupu za kadiri ile ile, hata kosa likizuka katika mstari wa 40 hutajwa kuwa ni la mstari wa 40, kama mwandishi alivyouandika.

Lakini katika kufuta huko hamna uhakiki wowote, na jambo hili nalisisitiza kwa moyo wote, maana faili lililotamka kwamba uzito ni namba, kisha likaupa maandishi, litaendeshwa bila pingamizi. Kwa hiyo kikaguzi cha TypeScript, yaani tsc, hakina budi kuendelea kuitwa kabla programu haijafika wodini. Na maadamu hata hicho hakiwezi kuona muuguzi atakachojaza kesho kwenye fomu, thamani zitokazo nje sharti zihakikiwe papo hapo zinapoingia.

Yako pia maumbo yasiyofutika, mathalan enum, ambayo huzaa msimbo unaohitajika wakati wa kuendesha; hayo Node.js huyakataa kwa kawaida, nayo TypeScript 5.8, ya mwaka 2025, imeleta mpangilio uitwao erasableSyntaxOnly, unaomwonya mwandishi mapema asiyatumie.