Mchakamchaka wa Mzazi Asiye na Muda

Saa 11 alfajiri, nyumba nyingi za Tabata, Mbagala na Kimara jijini Dar es Salaam huwa zimeshawasha taa. Uji uko jikoni, mtoto wa darasa la pili anatafuta soksi ya pili, na gari la shule likishapiga honi halingoji. Mzazi akimaliza hayo anaingia barabarani, anakaa kwenye foleni, anafika kazini, anakaa kwenye kiti. Jioni ni foleni tena, kisha madaftari ya watoto, chakula, vyombo. Ukimwambia mzazi huyu kwamba anapaswa kufanya mazoezi kila siku, atakuuliza swali moja tu: saa ngapi?

Swali hilo linastahili jibu la maana. Ushauri mwingi wa mazoezi huandikwa kana kwamba msomaji anaishi peke yake: amka mapema, vaa raba, toka. Lakini mzazi akitoka, kuna mtoto anayebaki. Hapo ndipo mipango mingi inapokwama, na kusema ni uvivu ni kuwaonea watu.

Kwanza, kiwango kinachotakiwa si kikubwa kama wengi wanavyodhani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu ya hizo kama mazoezi ni makali. Dakika 150 zikigawanywa kwa siku saba ni 21 na ushei. Kutembea kwa haraka, kwa ile kasi ya mtu anayewahi daladala lakini bado anaweza kuzungumza na mwenzake, ni mazoezi ya wastani. Tena mwongozo huo uliondoa sharti la zamani lililotaka kila kipande cha mazoezi kifike angalau dakika 10. Kwa mzazi hiyo ni habari njema kweli. Dakika saba za kumsindikiza mtoto shuleni kwa mwendo wa haraka na saba za kurudi zinahesabiwa. Kushuka kituo kimoja kabla ya ofisi kunahesabiwa. Ngazi nazo zinahesabiwa.

Ushahidi wa kwamba mwendo wa kawaida wa kazini huulinda moyo ulitoka, pamoja na kwingine, kwa makonda. Jijini London, daktari Jerry Morris na wenzake waliwalinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa. Basi lilikuwa lilelile, ila dereva alikaa zamu nzima na konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1953, yalionyesha kwamba makonda walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Makonda wale hawakuhitaji ukumbi wa mazoezi. Zoezi lao lilikuwa ndani ya kazi.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za nchi 168, uliiweka Uganda kuwa nchi yenye watu wachache zaidi duniani wasiofikia kiwango cha mazoezi: asilimia 5.5 tu. Kuwait ilikuwa mkiani, kwa asilimia 67. Wengi wa Waganda waliokifikia kiwango hicho hawakuwa wakimbiaji. Walilima, walichota maji, walikwenda sokoni kwa miguu. Anayeteseka ni mtoto wa mkulima aliyehamia mjini akapata kiti cha ofisi na bodaboda ya kumfikisha mlangoni, huku sahani yake ya ugali ikibaki na ukubwa uleule.

Na zile hatua 10,000 ambazo simu humdai mtu kila siku? Zilianzia Japani mwaka 1965, kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa wakati huo. Mwaka 2019 utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake wazee ulionyesha kwamba waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliofikisha 2,700, na kwamba nafuu hiyo haikuendelea kuongezeka baada ya hatua 7,500 hivi. Mzazi aliyeishia hatua 6,000 hana sababu ya kulala na huzuni.

Upande wa kukimbia, Dar es Salaam ina utamaduni wake. Asubuhi za mwisho wa wiki, hasa Temeke na Mbagala, vikundi vya joging huingia barabarani kwa jezi za rangi moja. Mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, kama mchakamchaka wa shule ya msingi ambao watu wazima wengi wa Tanzania walilelewa nao. Wimbo huo una kazi kubwa kuliko kuchangamsha. Anayeweza kuitikia bado hajazidiwa pumzi, na kikundi kinachoitikia kwa pamoja hakiwezi kwenda kasi kuliko watu wake wanavyoweza. Humo wamo mama ntilie, mafundi, walimu, bibi na mjukuu. Wanachama huchangiana kwenye misiba na sherehe, kwa hiyo asiyetokea anaulizwa yuko wapi, na kuulizwa huko humtoa mtu kitandani kuliko kengele ya simu.

Serikali nazo zimejaribu. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Watanzania watumie Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi. Mwaka huohuo Kigali ilianza kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari katika Jumapili maalumu, na wazazi wakatoka na watoto wao kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli katikati ya lami. Siku hizo zina thamani yake. Hata hivyo, Jumamosi moja kwa mwezi haijengi mazoea ya kila siku.

Mazoea yana mwendo wake. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijaribu kufanya jambo moja dogo kila siku katika mazingira yaleyale, kwa mfano mara baada ya kifungua kinywa. Kwa makadirio ya kati, jambo lilichukua siku 66 kuwa mazoea, lakini tofauti zilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko kunywa glasi ya maji. Siri ilikuwa kulifunga jambo jipya kwenye tukio ambalo tayari lipo.

Kwa mzazi, tukio ni bora kuliko saa. Saa 12:00 huvurugwa na mtoto mwenye homa, lakini gari la shule litaondoka tu, leo au kesho, kwa kuchelewa au kwa wakati. Baba anayetoka msikitini baada ya swala ya alfajiri ameshaamka na yuko nje. Akirudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka amepata dakika zake 20. Mama anayemwacha mtoto kwenye geti la shule anaweza kuondoka pale akiwa na raba miguuni.

Lakini hapa pana jambo la kusemwa wazi. Baba akienda kukimbia, hakuna anayemuuliza watoto kawaachia nani. Mama huulizwa. Kwake yeye dakika 20 hazipatikani kwa kuamka mapema zaidi, kwani ameshaamka mapema kuliko wote. Zinapatikana baba akikoroga uji siku tatu kwa wiki, au bibi na shangazi wakikaa na mdogo, au majirani wawili wakipeana zamu ya kulinda watoto. Mapatano ya namna hiyo yafanywe kabla ya kununua raba, na yataje siku na majukumu. Giza nalo ni tatizo halisi: wanawake wengi hawawezi kutoka peke yao kabla ya jua, kwa hiyo mwenza wa kutembea naye, au jioni yenye watu, ni sehemu ya mpango.

Watoto wenyewe wanaweza kuingizwa. Mzazi anayemsubiri mwanawe kwenye mazoezi ya mpira mara nyingi hukaa kwenye gari na simu. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kina mzunguko wa karibu mita 350, hivyo kukizunguka mara sita ni zaidi ya kilomita mbili, na mtoto haondoki machoni. Mtoto mwenyewe, kwa mwongozo uleule wa 2020, anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku.

Anayetaka kuongeza kukimbia aanze kwa kutembea dakika tano, kisha akimbie polepole dakika moja na kutembea mbili, arudie mara nne au tano. Akishindwa kuzungumza, apunguze. Wiki zikipita aongeze dakika za kukimbia kidogo kidogo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, uliohusisha watu zaidi ya 55,000, ulihusisha hata dakika 5 hadi 10 za kukimbia kwa siku, tena polepole, na hatari ndogo ya kufa mapema. Pale ambapo hakuna njia ya waenda kwa miguu, atumie upande wa kulia, magari yaje akiyaona, na masikio yabaki wazi. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua azungumze na daktari kwanza. Mama aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, asikimbie kabla ya kuruhusiwa kliniki.

Siku zitakatika tu: mvua za masika, mtihani wa mtoto, malaria, msiba kijijini. Utafiti ule wa London kuhusu mazoea ulionyesha kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Aliyekosa jana aendelee leo kwa dakika zake zilezile, bila kulipa deni. Aliyekaa wiki tatu arudi kwa kutembea tu siku chache za mwanzo, magoti na pumzi vizoee, ndipo aongeze ile dakika moja ya mchakamchaka.