Kurudi kwenye utengenezaji wa tovuti baada ya miaka mingi

Mtengenezaji wa tovuti aliyeacha kazi mwaka 2012 akairudia leo hukuta misingi ipo palepale. HTML bado inabeba maandishi, CSS bado inapanga sura, na seva bado hupokea ombi na kurudisha jibu. Kilichobadilika ni vyombo vya kazi. Wengi wanaorudi hukosea kwa kukimbilia React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, kabla hawajafufua kile walichokuwa wanakijua. Njia ya haraka zaidi ni kuchukua tovuti moja ya zamani na kuikarabati mpaka iishe.

Katika wilaya ya Rusizi, Rwanda, kipimo cha kwanza cha ukarabati huo ni simu. Tovuti ya nyumba ya wageni ya Kamembe iliyopangwa kwa majedwali yenye upana wa pikseli 960 humlazimisha mteja kuvuta ukurasa huku na huku akitafuta namba ya kupiga. Dawa huanza na mstari mmoja wa viewport kichwani mwa ukurasa, kisha Flexbox na Grid, ambayo vivinjari vikubwa viliipokea mwaka 2017. Picha nazo zipunguzwe uzito, maana bando ni la mteja.

Upande wa seva ndiko kwenye kazi ngumu. Amri ya mysql_query, iliyojaa katika tovuti za wakati ule, iliondolewa kwenye PHP 7 iliyotoka Desemba 2015. Tovuti ikihamishiwa kwenye seva mpya, inakufa papo hapo. Kubadilisha majina ya amri peke yake hakutoshi. Inafaa kuhamia PDO na kutenganisha swali linalopelekwa kwenye hifadhidata na maneno yanayoandikwa na mteja, la sivyo mwizi ataandika amri yake mahali pa jina.

Yapo pia ya kusahau, na hiyo ni nafuu kubwa: Flash ilikoma mwisho wa 2020, Internet Explorer ikastaafishwa Juni 2022. Cheti cha usalama, kilichokuwa cha kununua, sasa hutolewa bure na Let's Encrypt. Kila badiliko lihifadhiwe kwa Git, kwa sababu historia hiyo humwonyesha mwajiri uwezo wa sasa kuliko maelezo yoyote kuhusu miaka ya mapumziko.

Lugha inahitaji uangalifu wa pekee hapa mpakani. Wateja wanavuka daraja kutoka Bukavu, upande wa Kongo, na Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Ukurasa wa Kinyarwanda utambulishwe kwa lang="rw", wa Kiswahili kwa "sw", wa Kifaransa kwa "fr". Ukiachwa na "en", programu inayomsomea asiyeona inaweza kutamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, asiambulie kitu.

Jambo la mwisho halikuwepo kabisa mwaka 2012. Fomu inayokusanya majina na namba za simu za wateja sasa iko chini ya sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inayolinda taarifa binafsi na faragha, na usimamizi wake uko kwa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Sheria hiyo isomwe kabla fomu ya kwanza haijawekwa hewani.